Kabla hujashusha Impreza yako, kagua bushi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Kaka, nimepata Subaru Impreza WRX ya 2001, bado nzima. Kuna jamaa ananiuzia koilova za mtumba kwa bei nzuri. Nishushe sentimita ngapi?"

Koilova ni shokapu na springi yake kwa pamoja, kimo unakipanga mwenyewe. Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Miaka sita iliyopita ningeweza kuuandika mimi, ila mimi sikumwuliza mtu.

Gari langu ni hilohilo, lile lenye taa za duara, injini ya lita mbili yenye tabo, lililotoka Japani na farasi 250. Nililitafuta miaka minne. Nilipolipata, kichwani nilikuwa na picha moja tu: gari limelala chini, tairi zimejaa kwenye matao. Wenzangu wote wa Subaru walikuwa wameshusha. Nikanunua koilova za mtumba kwa milioni moja na laki mbili, springi ngumu, za kilo 8 kwa milimita. Fundi akazifunga siku moja, tukashusha sentimita sita, nikaenda kupiga picha Coco Beach. Picha zilipendwa sana, na mimi nikavimba kichwa.

Wiki mbili za mwanzo nilijiaminisha kwamba ule ugumu ndio uspoti wenyewe. Rasta za barabarani zilinigonga mpaka kwenye meno. Mauntingi za juu za koilova zile, zinazozishika kwenye bodi, hazina mpira, ni chuma kitupu, na vumbi lilipoingia zikaanza kugonga, ko-ko-ko, kila barabara. Sikutaka kusikia.

Pasaka tukaenda Lushoto. Anayeijua barabara ya kutoka Mombo anajua: kilomita kama 33, mlima upande huu, korongo upande ule, kona juu ya kona. Barabara ile ndiyo iliyonifanya nilitake gari hili. Tulipopita Soni, kwenye kona ya kulia, palikuwa na kiraka cha lami kilichovimba. Si kikubwa, bajaji inakipita bila shida. Gari langu lilipokikanyaga, shokapu ikafika mwisho, chuma kikagonga chuma, gurudumu la nyuma likaruka, na usukani ukanivuta kushoto, korongoni. Niliona majani ya ukingo yakipita karibu na kioo cha mke wangu. Kisha tairi zikashika, tukarudi barabarani. Hakusema neno mpaka Lushoto. Alishuka, akafunga mlango polepole. Mlio wa mlango ule ninao masikioni mpaka leo.

Tuliporudi Dar nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee, Ilala. Wala hakuuliza habari za koilova. Alichukua mtaimbo mfupi, akaupenyeza kati ya wishiboni, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, na fremu, akausukuma kwa mkono mmoja. Wishiboni ikacheza kama jino bovu. Mpira wa bushi ya nyuma, kiungo kinachoshika mkono ule kwenye fremu, ulikuwa umepasuka mzunguko mzima. Kwenye nyufa ungeweza kuingiza kucha. Mpira ule ulikuwa na umri sawa na gari. Akaniambia, "Kijana, gari hili halidai kushushwa. Linadai mpira."

Nikaanza kujifunza. Wishiboni za mbele za Impreza kiwandani huwekwa zikiteremka kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha kupita kiasi zinageuka, zinapanda, na tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu, nazo zinabadili pembe. Hapo kila tuta linalokunja shokapu linageuza gurudumu kidogo hata kama hujagusa usukani. Na bodi, japo umeiona imekaa chini, inaweza kulala zaidi kwenye kona, kwa sababu ile nukta ambayo bodi inaizunguka imeteremka kuliko uzito ulivyoteremka. Weka juu yake bushi zilizokufa, halafu nenda mlimani na familia yako.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Impreza ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 kwa mikono ya Colin McRae, na mwaka 2000 kwa mikono ya Richard Burns. Magari yale yaliinuliwa kwa ajili ya Safari, yakapewa shokapu za mwendo mrefu. Walioipa Impreza jina kwenye vumbi la huku kwetu waliipandisha, sisi tunaishusha tupate picha!

Koilova nilizitoa. Nikaanza na bushi zote za mbele, kisha za nyuma, linki za stabilaiza, chuma kinachozuia bodi kulala kwenye kona, mauntingi za mpira, na mwisho shokapu nne za kimo cha kiwandani. Seti ya kwanza ya shokapu ilikuwa bandia. Haikumaliza miezi mitatu, mafuta yakawa yanachuruzika. Aliyeniuzia hapokei simu yangu mpaka leo, na sijamsamehe. Seti ya pili nililipa karibu mara mbili.

Fundi akifunga bushi, simama pale pale. Bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa kwenye jeki, gurudumu linaning'inia, mpira unabaki umesokotwa kila siku na utachanika mapema. Na kabla hajafungua shokapu za mbele, aweke alama kwenye bolti ya juu inayoshika gurudumu, maana hiyo ndiyo inayopanga mlalo wa tairi. Halafu alaimenti, siku hiyohiyo. Ndugu zangu, anzeni na mpira. Pesa ya picha ipo, pesa ya bushi mnasema hamna! Kwenye gari mnapakia watoto wa watu.

Desemba nilirudi Lushoto, mke wangu pembeni. Kiraka bado kipo. Gari lilizama kidogo, likainuka mara moja, likatulia, na yeye akaendelea kumenya chungwa.

Mdogo wangu wa Mwanza, hizo koilova ziache kwanza. Ingia chini ya gari na tochi, unipigie picha bushi za nyuma za wishiboni, kulia na kushoto, unitumie kabla hujampa huyo jamaa hata shilingi.