Uzito haukai kooni

Mikael Åkerfeldt, mwimbaji wa Opeth, bendi ya metali ya Sweden, anangurumisha tena sauti kwenye albamu yao mpya. Ina maana wamerudi kuwa bendi nzito?

Swali hili limeniletea barua nyingi, na zote zimeandikwa kwa pupa. Kwani uzito walikuwa wameuacha wapi? Baada ya albamu ya Watershed ya 2008 Åkerfeldt aliacha kunguruma, na Heritage ilipotoka 2011 na vinanda vyake vya miaka ya 1970, mashabiki wakakaa matanga. Albamu nne zikapita hivyo. Mwaka 2024 ikaja The Last Will and Testament, ngurumo zikasikika, na walewale waliosusa wakaja mbio kusema mambo yamekuwa kama zamani.

Hayajawa. Hii ni hadithi moja, familia inasomewa wosia wa baba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyimbo saba kati ya nane hazina majina, zina alama ya ibara na namba tu, kama hati ya mwanasheria. Ian Anderson wa bendi ya roki ya Jethro Tull anapuliza filimbi. Ngurumo inaingia, inasema lake, inapisha sauti laini. Opeth wa 2008 wasingeitunga albamu hii. Ilibidi wapitie miaka ile mliyoitukana.

Nimesikia wimbo wa kwanza uliotolewa. Albamu nzima itakuwa mbovu, au siyo?

Siyo. Isikilize kwanza.

Nikishusha nyuzi za gitaa nitapata uzito wa Black Sabbath?

Utapata gitaa lililolegea. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, tena vya mkono unaobana nyuzi. Kwenye albamu ya Master of Reality ya 1971 alishusha toni moja na nusu, nyuzi zikawa rahisi kuvuta. Uzito wenyewe ulitoka kwenye mwendo wa polepole, na besi ya Geezer Butler iliyomganda kama kivuli. Ukishusha, weka nyuzi nene, la sivyo zitagongagonga shingo ya gitaa. Na hiyo pedali ya distoshen, ile inayokwaruza sauti ya gitaa, ipunguze! Mnaifungulia yote, noti zinapotea, unabaki mvumo wa nyuki mzingani.

Ngoma za albamu ya St. Anger ya Metallica zinalia kama ndoo. Ni simu yangu?

Mara hii simu haina kosa. Chini ya ngoma ya snea kuna nyaya zinazoipa ule mlio wa "cha". Lars Ulrich, mpiga ngoma wao, alizilegeza, na mwaka 2003 sote tukasikia ndoo. Mimi ndoo nimeizoea. Kufuta solo za gitaa ndiko sijawasamehe.

Kwa nini albamu nyingine mpya zinachosha masikio hata nikipunguza sauti?

Zimebanwa. Sehemu tulivu huinuliwa mpaka zilingane na kelele, wimbo ukawa ukuta mtupu. Kesi mashuhuri ni Death Magnetic ya Metallica ya 2008: mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa zinapumua kuliko kwenye CD. Spika mpya haitakusaidia. Na masikio yakilia "wiii" baada ya onyesho, usijisifu kwa wenzako. Ukiendelea hivyo, siku moja mlio huo hautaondoka. Vaa vizibo.

Opeth wa zamani na wa sasa, wepi bora?

Wa sasa. Leteni matusi, nimeshazoea.