Jina Lako Likitafutwa Google, Analetwa Nani?

Wiki hii msomaji mmoja wa Kakamega ameniandikia. Ana shahada ya uhasibu, ametuma maombi hadi amechoka, na wenzake wamemwambia kilichobaki ni kumjua mtu. Amenitumia ukurasa wake wa LinkedIn, mtandao wa kutafutia kazi, niutazame. Kujuana kupo, na kunauma. Lakini ukurasa ule haungemfaa hata kama angekuwa na mjomba kwenye bodi, na kasoro zake ndizo ninazoziona kwa vijana wengi, kutoka Kisumu hadi Nakuru.

Tuanze na jina. Kwenye kitambulisho yako matatu, kwenye cheti mawili, Facebook anaitwa kwa lakabu ya kijijini, na barua pepe yake ni jina la utani likifuatwa na mwaka wa kuzaliwa. Mwajiri akiliandika jina lililo kwenye sivii, hampati. Na ukiwa Otieno au Wafula, atawapata wengine tele kabla yako. Chagua majina yaliyo kwenye cheti chako, uyaandike kwa mpangilio mmoja kila mahali: sivii, barua pepe, LinkedIn, hata jina la faili unayoambatisha. Kisha fungua dirisha la faragha (incognito) kwenye simu, ili Google isikupendelee, uandike majina hayo ndani ya alama za kunukuu pamoja na mji au chuo chako. Unachokiona hapo kinakaribiana na anachokiona mwajiri.

Barua pepe ina mtego mwingine ambao watu hawauoni. Wengi walifunguliwa akaunti na mhudumu wa saiba siku ya kuomba mkopo wa masomo wa HELB au PIN ya kodi ya KRA, naye akaweka namba yake ya simu ili kazi iishe haraka. Siku ukisahau nenosiri, msimbo unaenda kwake. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, uondoe namba hiyo na uweke yako inayofanya kazi. Laini iliyolala miezi mingi kampuni huiuza upya, kwa hiyo hata namba yako ya zamani si salama. Hapo hapo utaona vifaa ambavyo akaunti yako iko wazi au ilifunguliwa siku za karibuni. Toka kwenye kila kompyuta usiyoijua.

Sasa ile mistari iliyo chini ya jina kwenye LinkedIn. Inabeba herufi 220, lakini kwenye simu huonekana za mwanzo tu. Msomaji wangu ameandika kwamba ni mhitimu mwenye bidii anayetafuta nafasi. Hakuna mwajiri anayetafuta neno bidii. Anatafuta kazi na vifaa: mhasibu msaidizi, CPA (mtihani wa uhasibu) kiwango cha kati, QuickBooks (programu ya hesabu), iTax (mfumo wa kodi wa KRA), mishahara, Kakamega. Iandike kwa Kiingereza, maana matangazo ya kazi hizo hutoka kwa Kiingereza na utafutaji hufuata maneno ya tangazo. Chukua matangazo matatu ya kazi unayoitaka, upige mstari chini ya maneno yanayojirudia. Yale unayoyaweza kweli ndiyo yawe ya kwanza.

Tena, sasisha. Ukurasa wake unasema anajua makato ya NHIF, bima ya afya ya zamani. SHIF, mfuko mpya wa bima ya afya, ilichukua nafasi hiyo Oktoba 2024, kwa asilimia 2.75 ya mshahara, na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 iko juu yake. Mwajiri wa idara ya fedha akisoma NHIF leo, anaona mtu aliyeacha kufuatilia fani yake. Hilo linaniuma, kwa sababu kijana huyu hesabu anazijua.

Azionyeshe basi. Atengeneze jedwali la mishahara la wafanyakazi kumi wa kubuni, lenye PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF na ada ya nyumba, kisha aliweke Google Drive na kubandika kiungo. Wengi hukwama hapa: faili hubaki imefungwa, na mwajiri akibofya anaambiwa aombe ruhusa. Hataomba. Iruhusu kwa yeyote mwenye kiungo, asome tu asibadilishe, halafu ujaribu kiungo hicho kwenye lile dirisha la faragha. Data za kampuni uliyofanyia mafunzo usiziguse. Ni siri za watu, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 ipo.

Facebook ina kitufe cha kufunga machapisho yako yote ya zamani yaonwe na marafiki pekee. Kitumie, ila hakigusi maneno uliyoandika kwenye makundi ya wazi. Matusi ya wakati wa uchaguzi kwenye kundi la kaunti yatabaki pale hadi uyafute moja moja kupitia kumbukumbu ya shughuli zako. Kaa chini uyafute.

Na mwajiri akipiga simu, asikie mlio wa kawaida. Wimbo wa klabu wa Skiza, ule anaousikia anayekupigia kwenye laini ya Safaricom, uondoe kwa *811#.

Mwisho ni ile alama ya kuonyesha kwamba unatafuta kazi. LinkedIn inakupa njia mbili: waione wote, au waione waajiri wanaolipia huduma yake ya kutafuta watu. Kampuni ndogo za Kisumu na Eldoret nyingi hazilipii, kwa hiyo usiye na kazi ruhusu wote. Aliye kazini achague ya pili, ingawa usiri wake hauna hakikisho kamili. Ukiiweka wazi, matapeli nao watakuja kwenye WhatsApp na barua yenye nembo, wakidai pesa ya fomu au picha ya kitambulisho. Usitume chochote. Itafute tovuti ya kampuni yenyewe, upige namba iliyo pale, si ile iliyo kwenye ujumbe, uulize kama nafasi hiyo ipo.