Bomba la Moshi wa Jikoni Lisiishie Darini

SWALI: Nimenunua mashine ya kufyonza moshi ya kufungwa juu ya jiko la gesi. Tundu lake la kutolea hewa lina kipenyo cha milimita 150, lakini fundi anashauri tutumie bomba la plastiki la inchi 4 lililobaki kwenye kazi ya choo, liishie juu ya dari ya jipsamu. Je, inafaa? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Haifai hata kidogo. Moshi wa mapishi hubeba mvuke na chembechembe za mafuta. Vikiachiwa darini, mvuke hupoa na kulowesha mbao na jipsamu, ilhali mafuta huganda juu ya nyaya za umeme, mahali ambapo hakuna mtu atakayeyafuta. Bomba ni lazima litoke nje ya nyumba.

Njia ya bomba la inchi 4 haifikii nusu ya ile ya inchi 6, ambayo ndiyo inayolingana na tundu lako, kwa hiyo feni ingepiga kelele nyingi na kutoa hewa kidogo. Plastiki nayo hulainika kwa joto, na mafuta yaliyoganda ndani yake yakishika moto, huungua pamoja nayo. Mwagize fundi bati akukunjie bomba la mviringo, laini kwa ndani. Na kwa kuwa chumvi ya bahari hula mabati upesi, chagua chuma cha pua ukimudu gharama. Yale mabomba ya alumini yenye mikunjo, ambayo mafundi huyapenda kwa sababu hupindika kirahisi, hunasa mafuta.

Ikiwa jiko limeegemea ukuta wa nje, toboeni ukuta huo badala ya kupanda juu, na kona zisizidi moja. Bomba liinamie nje kidogo ili maji ya mvuke yasirudi kwenye feni. Viungio vifungwe kwa tepe ya alumini, bila skrubu kuchomoza ndani. Mdomo wa nje uwe na kilango kinachojifunga feni inapozimwa, wala usielekee upepo wa kusi. Msiuwekee wavu wa mbu, kwani huzibwa na mafuta.

Kabla ya kumlipa fundi, washa feni, fungua dirisha moja ili hewa mpya iingie, kisha weka karatasi nyepesi kwenye kichujio: isiponata, kazi haijakamilika.