Kwenda ni kwenda, kurudi ndiyo matembezi: maswali ya njia ya Mikindani

Barua nyingi za safari hii zimeshika njia mbili: lami inayotoka Mtwara mjini kupitia Mikindani hadi Lindi, na ile ya mchanga ya Msimbati. Majibu ni haya.

Shikamooni. Nilichukua wakwe zangu kutoka Masasi nikawaahidi bahari ya Mikindani. Tulitoka Chikongola saa 11 jioni. Jua lilikuwa machoni njia nzima, na tulipofika, ukingo wote ulikuwa matope na mitumbwi imelala ubavu. Baba mkwe akauliza, "Sasa bahari yenyewe iko wapi?" Nilikosea nini?
— Mkwe mwenye aibu, Chikongola

Marahaba. Ulikosea saa na ulikosea siku. Siku ndiyo kubwa, tuanze nayo.

Matembezi ya Mikindani hupangwa kwa mwezi wa mbinguni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ni bamvua: bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Pwani yetu ina bahati moja hapo. Siku za bamvua maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alasiri na alfajiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo ukihesabu kwa kalenda ya Kiislamu, tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 ghuba inakuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko wakati ule ule mwanga wa jioni unapoanza kulainika. Hizo ndizo siku za kupeleka mkwe.

Tarehe 8 hadi 11, na 22 hadi 25, mambo yamegeuka. Hayo ni maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa inabaki mita moja hivi, na kupwa kwenyewe kunaangukia alasiri na jioni. Hayaendi mbali kama kwenye bamvua, lakini hayaji pwani pia. Ukingo unabaki matope, na harufu yake mnaijua. Bila shaka hapo ndipo ulipoangukia. Kama hukumbuki tarehe, muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama simu.

Sasa saa. Mikindani iko magharibi ya Mtwara, kilomita 10 hivi. Ukitoka mjini baada ya saa 11 jioni unaendesha moja kwa moja kwenye jua, tena limeshashuka chini ya kile kibao cha kukinga jua. Na maji, wakati wa kwenda, yako kulia: ng'ambo ya barabara, nyuma ya magari yanayokuja. Dereva hana nafasi ya kutazama, na abiria wa mbele anaona kichwa cha dereva.

Wakati wa kurudi kila kitu kinageuka. Jua liko mgongoni, linamulika maji badala ya kukumulika wewe. Ghuba iko kushoto, upande wa abiria, na kushoto ndiko unakoegesha bila kukata barabara. Kwa hiyo nenda mapema, toka saa 9 na nusu, usisimame njiani. Utumie dakika 15 au 20. Egesha Mikindani, watembeze wazee kwa miguu: milango ya kuchongwa, magofu ya mawe ya matumbawe, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 pale mlimani. David Livingstone naye alishukia hapo mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Wazee wakichoka, kaeni ufukweni.

Halafu anza kurudi kama dakika 45 kabla ya jua kuzama, mwendo wa 40, dirisha la kushoto wazi. Mwezi Juni jua linazama saa 12 na dakika 5 hivi. Januari linachelewa mpaka karibu saa 12 na dakika 50. Usingoje lizame ukiwa Mikindani, kwa sababu linapotelea nyuma ya vilima, si baharini. Wengi wanakaa pale wakisubiri jua lidumbukie kwenye maji mpaka giza linawakuta.

Ukisimama, toa magurudumu yote manne nje ya lami, na usisimame kwenye kona. Malori ya makaa ya mawe yanayokwenda bandarini yanapita njia hiyo hiyo, na dereva wake hakutarajii.

Hatuna gari. Bajaji inafaa? — Dada wawili, Ligula

Kwa Mikindani inafaa sana, pengine kuliko gari: haina vioo vya dirisha, haiendi mbio. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hamjapanda, na mtaje saa za kusubiri kwa hesabu. "Tutakaa kidogo" kwa dereva ni nusu saa. Kwenu ni masaa mawili, na ugomvi unaanzia hapo. Kaeni wote kushoto wakati wa kurudi. Lindi kwa bajaji, hapana.

Nataka kwenda Lindi na kurudi siku moja, na familia, kwa Noah. Naogopa mambo mawili: tochi za trafiki za kupima mwendo, na malori. Nishaurini. — Baba Salma, Chuno

Baba Salma, kwa jua safari hii ni rahisi kuliko ya Mikindani. Lindi iko kaskazini-magharibi. Ukitoka saa 12 na nusu asubuhi jua liko nyuma, ukirudi alasiri liko nyuma tena. Na mji wa Lindi unatazama mashariki, kwa hiyo ghuba yake ni ya asubuhi. Ukifika saa 3 unaikuta inang'aa, na mashua za kuvuka kwenda Kitunda ziko kazini. Umbali ni kama kilomita 110. Panga mwendo wa saa mbili, hata kama jirani yako anajisifu kwa saa moja na robo.

Baada ya Mikindani usitafute bahari. Barabara inaiacha, inaingia kwenye vilima na mikorosho mpaka Mnazi Mmoja, kule Mingoyo. Pale kushoto ni Masasi, kulia ni Lindi. Kutoka hapo zimebaki kilomita 25 hivi.

Tochi kwanza. Ukweli ni kwamba wengi hawapigwi kwa kukimbia porini, wanapigwa mita 100 za mwanzo na za mwisho za kijiji. Mwanzo: kibao cha 50 kinahesabika pale kilipochomekwa, si pale utakapomaliza kupunguza mwendo. Ukikiona kwa mbali, toa mguu kwenye mafuta hapo hapo. Mwisho: nyumba zimekwisha, dereva anakanyaga, kumbe kibao cha 50 kilichokatwa mistari bado kiko mbele nyuma ya mkorosho. Nyumba si alama. Kibao ndicho alama. Na kama Noah yako imesajiliwa kubeba abiria, hata nje ya kijiji usivuke 80. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Inalipwa kwa kumbukumbu namba, si mkononi. Kabla hujatoka kagua mtungi wa kuzimia moto na reflekta mbili za pembetatu, maana ukisimamishwa kwa jingine ndivyo vitakavyoulizwa.

Sasa malori. Oktoba hadi Januari, msimu wa korosho, yanaongezeka. Fanya hesabu hii mara moja, uikumbuke daima. Lori la tela lina mita 20 hivi, linakwenda 50. Wewe unalipita kwa 80. Ukiacha mita 20 nyuma yake kabla ya kutoka, na mita 20 mbele yake kabla ya kurudi, unahitaji kama sekunde 8. Ndani ya sekunde hizo gari lako linakwenda karibu mita 180. Anayekuja mbele kwa 80 naye amekula mita 180. Jumla ni 360. Bila mita 400 zilizo wazi kabisa mbele yako, yaani viwanja vinne vya mpira, usitoke. Na Noah yenye watu saba na mizigo mlimani haifiki 80 kwa kupenda, kwa hiyo ongeza.

Kosa la pili ni kujibana kwenye mkia wa lori ili "kuchungulia". Ukiwa mita 5 nyuma yake unaona bodi tu. Rudi nyuma mita 30, njia inafunguka yenyewe.

La tatu ni indiketa. Madereva wa malori wana lugha yao: kulia maana yake usipite, kushoto maana yake pita. Lakini kulia inaweza pia kuwa lori lenyewe linakata kulia, na kushoto linaweza kuwa linaegesha tu, halijakuahidi kitu. Ichukue kama taarifa, macho yako ndiyo yaamue.

Jambo dogo linalosahaulika: futa kioo cha mbele kwa ndani. Utando ule wa vumbi na mvuke wa plastiki za dashibodi hauonekani asubuhi nyumbani, ila jua likikukabili kioo kinakuwa cheupe chote. Maji, siki kidogo, na gazeti kuukuu. Futa, kisha rudia kwa gazeti kavu.

Rafiki zangu wanasema Msimbati gari linaendeshwa juu ya ufukwe wenyewe mpaka Ruvula. Nina IST. Inawezekana? — Kijana wa Majengo, Mtwara

Inaendeshwa, ndiyo. Si IST. Ile imekaa chini, na inavuta kwa magurudumu mawili ya mbele. Iache Msimbati kijijini, kilomita kama 40 kutoka mjini, uchukue bodaboda mpaka Ruvula. Eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio. Kilipe na utunze risiti.

Kwa wenye gari la kuvuta magurudumu manne, kinachokwamisha watu ni upepo wa tairi na maji.

Upepo: kabla ya kugusa mchanga, simama pagumu, punguza kutoka psi 30 au 32 mpaka 18. Tairi litatanuka, uzito utagawanyika, gari litapita juu badala ya kuchimba. Wengi wanapunguza baada ya kukwama, wakati gari limeshakaa kwa tumbo. Weka foo wili na gia nzito kabla ya kuingia, shika mwendo mmoja wa polepole. Usipige breki, kwa sababu breki inajenga kilima kidogo cha mchanga mbele ya kila tairi. Ukitaka kusimama, toa mguu gari lijifie lenyewe, ikiwezekana pua ikitazama mteremko.

Gurudumu likianza kuzunguka bure, acha mafuta. Papo hapo. Kila mzunguko wa ziada unachimba, na difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ikishalala kwenye mchanga magurudumu hayana tena kazi. Rudi nyuma taratibu juu ya alama zako mwenyewe, kwa kuwa hapo mchanga umeshashindiliwa. Ikikataa, shukeni wote, chimbeni mbele na nyuma ya kila tairi na chini ya difu, lazeni makuti makavu au mazulia ya gari, mpunguze upepo mpaka 15, mjaribu tena. Ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza upepo kabla ya kukimbia. Tairi laini kwenye lami linachemka na kupasuka, kwa hiyo pampu lazima iwemo ndani ya gari, siyo "tutaipata mbele".

Maji: soma tena jibu la Mikindani, kisha uligeuze. Siku ya bamvua, ambayo ni tamu kule jioni, huku Ruvula maji yamepwa kabisa kama saa 4 asubuhi. Mchanga mgumu wenye unyevu uko wazi kuanzia saa 2 hadi saa 6 mchana hivi. Saa 10 alasiri bahari imeufuta wote, na gari lililobaki upande wa pili linasubiri usiku. Kwa hiyo bamvua: Ruvula asubuhi, mjini mchana, Mikindani jioni. Siku moja inatosha kwa zote mbili kama hukulala.

Jioni hiyo hiyo osha gari kwa maji yasiyo na chumvi, hasa uvunguni: springi, bomba la moshi, nyaya za breki. Chumvi haingojei wikiendi.

Naruhusiwa kupiga picha bandari nikiwa garini? — M., Shangani

Bandari, mitambo ya gesi na askari kazini, weka simu chini. Ghuba, mibuyu na mitumbwi, piga utakavyo. Mtu akiwa mbele, mwombe kwanza.

Nakwenda Dar es Salaam mara ya kwanza kwa gari langu. Wapi nipite nione bahari kama huku? — Mwalimu, Mtanda, Lindi

Mwalimu, anzia Kivukoni, ufuate Barabara ya Barack Obama, ambayo mpaka mwaka 2013 iliitwa Ocean Road na wazee bado wanaiita hivyo. Bahari itakuwa kulia kwako. Endelea mpaka Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Lina urefu wa kilomita moja hivi juu ya maji, na linakushusha upande wa Coco Beach. Bahari ya kule iko mashariki, kwa hiyo pita Jumapili saa 1 asubuhi, kabla ya foleni. Usisimamishe gari darajani hata kwa picha moja. Egesha ukishavuka, urudi kwa miguu.