Jibu: Mwandishi kivuli wa blogu ya programu za kutengeneza tovuti

Dada, umeuliza utampataje, ukiwa Moshi, mwandishi wa kujitegemea atakayekuandikia kwa jina lako blogu ya programu za kutengeneza tovuti. Usianze na bei. Mpe jaribio fupi, na ulilipie: aeleze tofauti ya WordPress.com, huduma inayokutunzia tovuti yenyewe, na ile WordPress, programu ya kutengeneza tovuti unayoipakua na kuiweka kwenye hosti yako, yaani seva unayokodi ya kuwekea tovuti. Asiyewahi kuifungua utamjua hapo hapo. Atazichanganya, au atamwelekeza msomaji kwenye kihariri cha zamani, wakati tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018 ukurasa unajengwa kwa vitalu, yaani vipande vya maandishi au picha unavyovipanga.

Kwa Wix, huduma nyingine ya kutengeneza tovuti, muulize mwandishi: mteja wa Wix akitaka kuhama inakuwaje? Tovuti haihamishiki nzima kwenda hosti nyingine, inajengwa upya. Msomaji wako, tuseme mwenye kampuni ya utalii pale Arusha, anastahili kulijua hilo kabla hajatoa hela yake, na mwandishi anayelificha usimchukue hata akiandika Kiswahili kitamu namna gani.

Dai picha za skrini alizopiga mwenyewe. Malipo nusu mwanzo, nusu akikabidhi, M-Pesa inatosha. Mkataba uwe wa maandishi, na useme wazi kwamba haki za makala zinahamia kwako.