PCB au chuo? Mpeleke kwanza akaone kazi za hapa hapa ziwani

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako aliyemaliza fomu foo, kapata C zote tatu za sayansi, ukoo mzima unataka aende PCB (fizikia, kemia na baiolojia advansi) awe daktari na mwenyewe ukimuuliza anakaa kimya, naomba nikujibu kwa uzoefu wangu, mana nimekula chumvi kidogo kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza upande wa mitambo ya ubaridi, na walimu wakileta wanafunzi kutembelea mara nyingi naachiwa mimi kuwazungusha.

Huyo mtoto usimwone mjinga. Atachaguaje kitu hajawahi kukiona? Watu wa sayansi anaowajua ni daktari, nesi na mwalimu wake wa baiolojia, basi.

Nikupe mfano. Mitambo yetu inatumia gesi ya amonia, ile inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, ndo mana inaweza kunyonya joto la minofu ya sangara mpaka ikaganda jiwe, halafu inatunzwa stoo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Sasa hiyo amonia ikianza kuvuja kwenye maungio ya bomba unasikia tu harufu imekupanda puani lakini hujui inatokea wapi, kwa hiyo unachukua karatasi ya litmasi nyekundu, unailowesha maji, unaipitisha taratibu kwenye kila maungio, pale inapogeuka bluu ndo penyewe. Watoto wakiona hivyo wanatazamana, mana hiyo litmasi wameikariri na kuijibia mtihani kabisa ila hakuna aliyewaambia kuna mtu analisha familia nayo. Binti mmoja akaniuliza, "Kumbe mnalipwa kwa hii?" Wenzake wakacheka, mi nikaona ndo swali la maana kuliko yote ya siku ile.

Mlango wa pili pale ni maabara, wanaotesha vijidudu kwenye visahani kuangalia kama minofu ina salmonela. Ulaya walipofungia samaki wa Ziwa Victoria kati ya 1997 na 1999, mara hofu ya kipindupindu, mara watu wanavulia sumu, kila mtu alijua vipimo sio mapambo, na hadi leo mzigo hautoki bila makaratasi ya maabara. Hiyo ni baiolojia na kemia tupu na sio udaktari.

Au nenda kwenye vizimba vya sato, siku hizi vimejaa ziwani. Kabla jua halijachomoza kuna kijana yupo kwenye mtumbwi anazamisha kipimo cha oksijeni, kwa nini alfajiri? Usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaivuta tu kama samaki wanavyoivuta, kwa hiyo asubuhi ndo inakuwa chini kabisa, usipojua hilo unaamka unakuta sato wanaelea na hela ya mkopo imeelea nao. Mada hiyo ya usanisinuru binti yako anaijua vizuri tu.

Shule nazo zina lawama yake. Wakati wa Kikwete wazazi tulichangishwa maabara tatu kila shule ya kata, majengo yakasimama, lakini kuna shule naifahamu sitaitaja, kufuli linafunguliwa mtihani wa vitendo ukikaribia, wanafunzi wanashika bureti kwa mara ya kwanza huku mikono inatetemeka. Halafu tunashangaa kwa nini hawapendi kemia.

Sasa njia zenyewe. Akitaka udaktari kweli kutoka moyoni, aende PCB, C tatu sio mbaya ila ajue akifika advansi atapigana haswa. Kama hataki, FETA, chuo cha uvuvi pale Nyegezi, wana diploma za uvuvi, ufugaji wa samaki na uchakataji, na VETA, vyuo vya ufundi, kuna mambo ya umeme na ubaridi. Na wale mashangazi wanaosema diploma ni ya walioshindwa waambie ukimaliza diploma na GPA kuanzia 3.0 unaruhusiwa kuomba digrii, tena Bodi ya Mikopo siku hizi inakopesha hata baadhi ya kozi za diploma. Ila chuo chochote kabla hujalipa ada hakikisha kimesajiliwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na uulize wanafunzi wao fildi wanaenda wapi, wakianza kujiumauma ondoka.

Mi ningekuwa wewe, kabla dirisha la TAMISEMI la kubadilisha tahasusi (kombi) halijafungwa ningemtafutia hata siku mbili tatu tu, moja kiwandani, moja kwenye vizimba, moja hospitali akae na watu wa maabara sio wodini. Usiende naye ndani, mtoto mbele ya mama hasemi ukweli. Akirudi muulize tu kipi kimemchosha, halafu uje utuambie hapa, kama ni mambo ya mitambo mi nipo ntakuelekeza pa kuanzia.