Siundi ndege, wadogo zangu

Juzi mtu kaandika kwenye grupu letu la Mlimani kwamba mimi "naunda ndege Ujerumani" na nakunja milioni kumi na tano kwa mwezi. Zikafuata meseji tisa za kuniomba mchongo. Nijibu mara moja.

Siundi ndege. Nina kipande cha bawa chenye urefu wa mkono wangu, kimefungwa ndani ya handaki la upepo, yaani njia kubwa iliyofungwa ya kupulizia vitu hewa na kuvipima. Miaka yote hii ya PhD yangu natoboa vitundu juu yake na kupuliza hewa, nione kama upepo utaacha kubanduka bawa likiinuliwa. Ukibanduka, bawa halibebi tena. Basi. Wazo lenyewe la zamani: mwaka 1904 Ludwig Prandtl, mwanasayansi Mjerumani, alifyonza maji kupitia mpasuo kwenye silinda, akaonyesha mkondo unavyobaki umeshikamana nayo. Mfereji wake wa majaribio aliuendesha kwa gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Hiyo ni salamu kwa yule kati yenu aliyeniandikia kwamba hawezi kuanza lolote bila maabara ya mabilioni. Siku nyingine nashinda nafuta vioo, maana ili kamera ione hewa inavyokwenda tunarusha ukungu wa mafuta na kuumulika kwa leza, na ukungu huo unaganda mpaka kwenye nywele.

Ile picha ya injini iliyoleta uvumi nilipiga Deutsches Museum, München. Nililipa kiingilio kama mtoto wa shule.

Baridi? Nunua koti. Kinachouma ni mwezi wa 37.

Mkataba wangu wa kazi ya PhD ulikuwa wa miezi 36. Leza ikaharibika, kipuri tukakisubiri miezi mitano, kisha nikarudi kwenye foleni ya handaki nyuma ya watu wanne. Mkataba haukusubiri mtu. Mshahara ulipokatika, vipimo vya mwisho vilikuwa bado havijachambuliwa. Profesa akanipa mkono, akasema niendelee kuja ofisini, kiti changu kipo. Kiti kipo! Na kodi ya chumba?

Sasa nina kibali cha mwanafunzi, na usiku wa Ijumaa napanga vifurushi kwenye ghala, saa nne hadi alfajiri. Msimamizi wangu ni kijana wa miaka 22. Mkanda ukijaa mizigo hupiga kelele: "Daktari, mtiririko umekwama!" Mwanzoni niliumia. Siku hizi nakwenda kuukwamua.

Na nyumbani natuma kiasi kilekile nilichokuwa natuma nikiwa na mshahara. Kosa ni langu. Mzee alishatangaza msikitini, dada ana ada, ningeanzia wapi? Nilipaswa kusema siku ileile. Sikusema, na mwezi huu nimekopa ili nitume. Mwenye kunicheka acheke.

Kwa hiyo msije.

Hapana, njooni, ila msije kijinga. Asikwambie mtu uuze shamba la babu "uingie kwanza, mengine utatafutia hukohuko". Nafasi za PhD za mpango wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya ni ajira zenye mkataba. Hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS, na hawaulizi umri wala uraia. Sharti kubwa ni kwamba, katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umekaa zaidi ya miezi 12 kwenye nchi inayokuajiri. Mnaona? Mliokaa Dar na Mbeya mmeshalitimiza kwa kukaa tu. Aliyekuja Ujerumani kwa shahada ya pili kwa pesa zake, euro 11,904 za mwaka (kiwango cha 2024) zimefungiwa benki kabla hajapata viza, akimaliza hana sifa ya nafasi hizo hapahapa. Itabidi ajaribu Ufaransa au Uholanzi.

Wanaoomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kusomesha wanafunzi, nao wakumbuke, kwa kawaida shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita. Neema, wewe ulimaliza lini? Harakisha.

Msiniulize "unahitajika ufaulu gani". Pakueni OpenFOAM, programu ya kukokotoa mwendo wa hewa na maji, ni ya bure. Kokotoeni upepo unaopita kwenye silinda moja, vimbunga vidogo vikichomoka nyuma yake kwa zamu, juu, chini, halafu mlinganishe na vipimo vilivyochapishwa. Kompyuta ya kawaida inatosha. Anayekuja na kazi hiyo, na anaeleza alipokosea, namsoma kabla ya mwenye GPA ya 4.8. GPA nayo wanaiangalia, tusidanganyane.

Ukiitwa kwenye usaili, uliza: vipimo vikichelewa, mwezi wa 37 nani analipa? Mimi niliona aibu kuuliza, nikaogopa wataniona mwenye njaa. Njaa yenyewe imekuja baadaye.

Mwenye barua ya maombi anitumie Jumapili, nitaisahihisha kwa ukali. Ijumaa usiku msinipigie, simu inabaki kwenye kabati la ghala. Na anayepita nyumbani kwetu amwambie mama mi mzima. Habari ya vifurushi nitamwambia mwenyewe.